Mwanamke Mpelelezi katika Vita vya Ukombozi: Mafunzo ya Kenya, 1952–1963

Katika madarasa ya itikadi swali moja hurudi mara kwa mara, hasa kutoka kwa wanafunzi: wakulima maskini, wasio na kiwanda cha silaha, wasio na ndege wala redio za mawasiliano, wanawezaje kupigana kwa miaka kadhaa na dola ya kibeberu iliyo na vyote hivyo? Jibu tulilozoea kulitoa ni kwamba nguvu yao ni umma. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Kusema "umma" bila kueleza ni nani hasa katika umma huo, alifanya kazi gani, kwa njia gani, na alipata nini baada ya ushindi, ni kurudia kaulimbiu badala ya kuchambua mambo.

Katika makala haya tunakusudia kuchambua sehemu moja ya jibu hilo, yaani kazi ya wanawake wapelelezi. Tumechagua vita vya Jeshi la Ardhi na Uhuru la Kenya, ambalo dunia ililijua kwa jina la Mau Mau, kwa sababu mfano huo unatuonyesha mafanikio na upungufu kwa pamoja. Hoja yetu ni kwamba uwezo wa mwanamke kupeleleza haukutokana na uzuri wa sura wala hila, kama riwaya za kijasusi za nchi za kibepari zinavyotaka tuamini. Ulitokana na nafasi yake katika uzalishaji mali. Adui alipoielewa nafasi hiyo aliishambulia. Na uhuru ulipopatikana, usiri uleule uliomlinda mwanamke wakati wa vita ulitumika kumfuta katika hesabu ya wapiganaji.

MSINGI WA KIUCHUMI WA UPELELEZI

Upelelezi wa wanawake hauwezi kueleweka bila kuelewa ukoloni wa walowezi ulivyogawa kazi. Wakulima wa Kenya ya kati walinyang'anywa sehemu kubwa ya ardhi yao ili wapewe walowezi wa Kizungu. Kodi na uhaba wa ardhi viliwasukuma wanaume kwenda kuuza nguvu zao katika mashamba ya walowezi, katika reli na mjini Nairobi. Kuanzia miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuvaa kipande shingoni, chenye maelezo yake na rekodi ya kazi zake, ili polisi na mwajiri waweze kumfuatilia po pote aendapo.

Mwanamke hakuvalishwa kipande. Si kwamba wakoloni walimhurumia. Katika hesabu zao yeye hakuwa mfanyakazi wala mtu wa siasa. Alikuwa mtu wa nyumbani, wa kulima chakula na kulea watoto, ili mwajiri aweze kumlipa mume wake mshahara mdogo. Kazi hiyo isiyolipwa ndiyo iliyombeba mlowezi. Lakini kazi hiyo hiyo ilimweka mwanamke njiani kila siku. Alikwenda kuteka maji, kukata kuni kando ya msitu, kulima, na kupeleka mboga na viazi sokoni. Mgongoni alibeba mzigo, na hakuna aliyeshangaa kumwona na mzigo. Kwa lugha ya kijeshi, alikuwa na sababu ya kuwapo mahali po pote na saa yo yote ya mchana.

Mjini hali ilikuwa hivyo hivyo. Wanawake walikuwa yaya katika nyumba za Wazungu, wauza mboga, wapika pombe, na katika mitaa kama Pumwani wengine walikuwa na nyumba zao wenyewe za kupangisha. Waliingia mahali ambapo mpiganaji mwenye bunduki asingeweza kufika.

Adui alikuwa na sababu za kutosha za kutowadharau. Tarehe 16 Machi 1922, umati ulipokusanyika Nairobi kudai kuachiliwa kwa Harry Thuku, ni mwanamke, Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewachochea wanaume waliokuwa wakisitasita, akauawa kwa risasi za polisi. Mwaka 1947 na 1948 wanawake wa Murang'a walikataa kazi ya shuruti ya kuchimba matuta. Lakini tabaka linalotawala huamini dharau zake lenyewe. Lilipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, liliwakamata viongozi wanaume, likidhani kwamba limekata kichwa na mwili utakufa.

KAZI YENYEWE

Wapiganaji walipoingia katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, maisha yao yalitegemea watu waliobaki nje. Tukiichambua kazi ya wanawake hao tunaona sehemu nne.

Kwanza, kuwa macho ya jeshi. Mwanamke aliyelima karibu na kambi ya askari alijua magari mangapi yametoka, saa ngapi, yameelekea upande gani, na yamerudi na watu wangapi. Habari hizo, zikifika msituni kwa wakati, ziliweza kuokoa kundi zima lisizingirwe. Hapakuhitajika mafunzo makubwa. Palihitajika uangalifu na kumbukumbu. Wengi hawakujua kusoma wala kuandika, na katika kazi hii hilo halikuwa kikwazo, kwani ujumbe uliokaa kichwani haukuweza kukutwa mfukoni.

Pili, kupeleka. Chakula, dawa, nguo na risasi vilisafirishwa ndani ya kiondo chini ya viazi, ndani ya mzigo wa kuni, au katika nguo alimofungwa mtoto. Ni kosa kuiita kazi hiyo "kupika" au "kusaidia". Katika jeshi la serikali iko idara nzima ya ugavi yenye maofisa na vyeo. Katika vita vya msituni idara hiyo ilikuwa wanawake.

Tatu, kupata habari na silaha mjini. Wanawake walizungumza na askari weusi wa serikali ya kikoloni, wakajua nani ana kinyongo, nani ana njaa ya fedha, nani yuko tayari kutoa risasi. Waliofanya kazi katika nyumba za mabwana walisikia mazungumzo ya mezani, kwa maana bwana hakumhesabu mtumishi kuwa ana masikio.

Nne, kuwatambua wasaliti. Serikali ya kikoloni iliwaandikisha homugadi kutoka vijiji vile vile vya wapiganaji. Ni nani aliyekwenda usiku kwa chifu, ni nani ghafla amepata fedha, mambo hayo yalijulikana kwanza mtoni na shambani. Kwa hiyo kisima na njia ya kuni vilikuwa pia mahali pa kukusanyia habari.

Tuchukue mifano miwili ya watu wanaojulikana. Muthoni wa Kirima alianza kwa kuwapelekea wapiganaji chakula na habari kutoka nje ya msitu. Baadaye aliingia msituni mwenyewe, akapigana, na akawa mwanamke pekee aliyepewa na Dedan Kimathi cheo cha Jemadari Mkuu. Hakutoka msituni mpaka Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Maisha yake yanaonyesha kwamba kati ya mpeleka chakula, mpelelezi na mpiganaji hapakuwa na ukuta. Vilikuwa vidato vya ngazi moja.

Wa pili ni Wambui Waiyaki, ambaye baada ya kuolewa aliitwa Wambui Otieno. Alizaliwa mwaka 1936 katika ukoo wa Waiyaki wa Hinga, kiongozi aliyekamatwa na Waingereza mwaka 1892 na kufia Kibwezi akipelekwa pwani. Baba yake mwenyewe alikuwa ofisa wa polisi wa serikali ya kikoloni. Binti huyu wa nyumba yenye nafasi alikula kiapo, akaondoka kwao na kufanya upelelezi Nairobi. Aliieleza kazi hiyo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1998. Kabla ya uhuru wakoloni walimkamata na kumweka kizuizini Lamu. Hapa tunajifunza kwamba asili ya tabaka haimfungi mtu milele. Kinachoamua ni upande anaouchagua na kazi anayoifanya.

ADUI AJIFUNZA

Mao Tse-tung alimfananisha mpiganaji wa msituni na samaki, na umma na maji anamoishi. Watawala wa Kenya walitambua kwamba kumfukuza samaki mmoja mmoja ni kazi isiyokwisha. Wakaamua kukausha maji. Na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa msituni, vizuizini au kazini mbali, sehemu kubwa ya maji hayo ilikuwa wanawake.

Pigo la kwanza lilikuwa mjini. Tarehe 24 Aprili 1954 ilianza Operesheni Anvil, maana yake fuawe. Nairobi ilizingirwa, mitaa ikapekuliwa nyumba kwa nyumba, na watu zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini. Katika uchujaji huo walitumiwa wasaliti waliofunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Waliitwa gakunia, na kutikisa kichwa kwao kulitosha kumpeleka mtu kizuizini. Mtandao wa mjini, uliokuwa ukileta fedha, dawa, risasi na habari, ulivunjika, na haukurudia nguvu yake tena.

Pigo la pili lilikuwa vijijini. Kuanzia katikati ya mwaka 1954, watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka katika nyumba zao zilizotawanyika na kuingizwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki, miti iliyochongwa na seng'enge, chini ya minara ya ulinzi na amri ya kutotoka nje. Tuangalie kwa makini kilichoshambuliwa hapa. Ni njia ya maji, njia ya kuni, na shamba. Mwanamke sasa alikwenda shambani kwa saa chache, chini ya ulinzi wa homugadi, na akirudi alipekuliwa. Alichimba kwa shuruti handaki lililomtenga na mumewe au mwanawe aliyekuwa msituni. Njaa na maradhi viliua watu wengi, hasa watoto.

Pigo la tatu lilikuwa kifungo. Maelfu ya wanawake walifungwa au kuwekwa vizuizini, na Kamiti ikawa jina la kuogopwa. Mpaka hapo dola ya kikoloni ilikuwa imekiri kwa vitendo jambo ambalo kwa maneno ililikana, kwamba mwanamke ni mtu wa siasa, tena adui hatari.

Pigo la nne lilikuwa la hila zaidi. Serikali iliyokuwa ikiwafunga wanawake ndiyo iliyokuwa ikiwaita katika vyama vya Maendeleo ya Wanawake, kujifunza ushonaji na usafi wa nyumba, ili waache kiapo. Hatusemi kwamba ushonaji ni mbaya. Tunasema kwamba mkoloni alielewa mapema kuliko baadhi yetu kwamba ukitaka kumwondoa mwanamke katika siasa, mpe shughuli nyingi na usimpe uamuzi.

Hatupaswi pia kuficha udhaifu uliokuwa upande wa harakati yenyewe. Si kila aliyekula kiapo alikula kwa hiari. Si kila mwanamke alikuwa upande wa wapiganaji. Wako waliokuwa na waume au wana homugadi. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 kule Lari waliuawa watu wengi katika familia za walioegemea serikali, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Serikali na walinzi wake walilipiza kisasi kwa mauaji mengine. Mtandao wa upelelezi unaotegemea hofu hupata habari za leo na kujenga maadui wa kesho. Mwamko wa siasa ndio unaomfanya mtu anyamaze mbele ya mtesaji; hofu peke yake haiwezi, kwa sababu mtesaji naye anayo hofu ya kutosha ya kutoa.

USIRI NA USAHAULIFU

Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957. Hali ya hatari iliondolewa mwaka 1960, na tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikawa huru. Sasa inafaa tuulize: wanawake hao walipata nini?

Mpiganaji alipotoka msituni alikuwa na nywele ndefu, ngozi ya mnyama mwilini na bunduki ya kukabidhi. Watu walimwona, wakajua alikuwa nani. Mpelelezi hakuwa na kitu cha kukabidhi. Kazi yake yote ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna ushahidi. Alishinda kwa kutojulikana, na sasa kutojulikana huko kukawa hukumu juu yake. Nani angethibitisha kwamba kiondo fulani kilipita na risasi mwaka 1953? Wengi waliompokea njiani walikwisha kufa. Katika Bunge la uhuru la mwaka 1963 hakuchaguliwa mwanamke hata mmoja. Kenya ilisubiri mpaka mwaka 1969, alipochaguliwa Grace Onyango wa Kisumu. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau yenyewe haikufutwa mpaka mwaka 2003.

Jambo lililompata Wambui Otieno linaeleza zaidi kuliko maneno mengi. Mume wake, wakili S. M. Otieno, alifariki Desemba 1986. Wambui alitaka kumzika Ngong, karibu na Nairobi. Ukoo wa marehemu ulitaka azikwe kwao Siaya. Kesi ilichukua miezi kadhaa na nchi nzima ikaifuatilia, mpaka Mei 1987 Mahakama ya Rufaa ilipoamua kwamba haki ya kuzika ni ya ukoo. Hatuna nia ya kukebehi mila ya watu wo wote. Lakini makada wanapaswa kuona maana ya kisiasa ya jambo hili: mwanamke aliyeaminiwa siri ambazo zingeweza kuwaua watu, nchi ilipokuwa huru hakuaminiwa kuamua kaburi la mume wake. Dola ilibadilika, lakini uhusiano kati ya mwanamume na mwanamke ulibaki ulivyokuwa.

Haki ilipoanza kutafutwa, ilitafutwa na wazee. Mwaka 2012 Mahakama Kuu mjini London iliruhusu kesi ya Wakenya watatu walioteswa iendelee. Mmoja wao alikuwa Jane Muthoni Mara, aliyekamatwa akiwa msichana kwa kushukiwa kuwapa wapiganaji chakula. Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, bila kukubali kwamba inawajibika kisheria. Tuliangalie shitaka lile mara ya pili. Alikamatwa kwa ajili ya chakula. Mtesaji hakuona tofauti kati ya mpeleka chakula na mpiganaji. Wanahistoria na serikali za baadaye ndio waliozua tofauti hiyo. Muthoni wa Kirima alifariki Septemba 2023, na kila mwaka idadi ya mashahidi inapungua.

MFANO WA KULINGANISHA: MSUMBIJI

Je, ilikuwa lazima iwe hivyo? Harakati ya Msumbiji inatusaidia kujibu. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kuanza vita Septemba 1964, nayo iliwategemea wanawake wa vijijini kubeba silaha na chakula na kutoa habari za adui. Tofauti ni kwamba jambo hilo lilijadiliwa ndani ya uongozi kama suala la siasa. Mwaka 1966 Kamati Kuu iliamua kwamba wanawake wapewe mafunzo ya siasa na ya kijeshi, na kuanzia mwaka 1967 wa kwanza walifundishwa Nachingwea. Huo ndio mwanzo wa Kikosi cha Wanawake, ambamo Josina Machel, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, alifanya kazi kubwa. Mwaka 1973, kabla ya uhuru, liliundwa Shirika la Wanawake wa Msumbiji.

Hatusemi kwamba Msumbiji ilimaliza tatizo. Wanaume wengi walipinga, na mila kongwe hazikufa kwa azimio la kikao. Lakini kazi ya mwanamke iliandikwa ikiwa bado inafanyika, ikapewa jina, mafunzo na kiongozi. Kwa hiyo uhuru ulipofika mwaka 1975, hakuna aliyeweza kusema kwamba wanawake walikuwa wapishi tu.

MAFUNZO KWA MAKADA

Kutokana na uchambuzi huu tunapata mafunzo yafuatayo.

1. Siri za umma hukaa mahali kazi ilipo. Kada anayetaka kujua hali halisi ya kijiji, asiishie ofisini kwa mwenyekiti. Njia ya maji na soko vinajua mambo ambayo taarifa ya ofisi haiyajui.

2. Dharau ni upofu. Mkoloni alishindwa kwa muda kwa sababu alimdharau mwanamke. Kiongozi wa umma anayefanya hivyo naye atakuwa kipofu, tofauti ni kwamba watakaoumia ni watu wake mwenyewe.

3. Kazi isiyo na jina haina haki. Mwalimu Nyerere, katika Ujamaa Vijijini mwaka 1967, alikiri kwamba hata katika jamii yetu ya jadi wanawake walifanya kazi kupita sehemu yao. Kukiri ni hatua ya kwanza tu. Katika mkutano wa tawi tuulize ni nani aliyepika, aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaita watu, aliyekusanya michango; kisha tuulize ni nani aliyekaa kwenye kamati iliyoamua. Majibu mawili hayo yakitofautiana, tunarudia kosa la mwaka 1963.

4. Historia ikusanywe sasa. Wanafunzi wanaotafuta somo la utafiti waende kwa bibi zao, wa Kenya, wa Msumbiji na wa mikoa yetu ya kusini iliyowapokea wapigania uhuru, wakawaulize walibeba nini, walimpelekea nani na walipita njia gani. Waandike majina, mahali na miaka, maana hayo ndiyo yanayoweza kuhakikiwa baadaye.

Ukombozi wa mwanamke hauwezi kusubiri mpaka ukombozi wa taifa ukamilike, kwa sababu mfano wa Kenya umetuonyesha kwamba taifa likimaliza vita bila kubadili uhusiano huo, wale waliobeba mzigo hubaki na mzigo. Kazi ya Chama cha umma ni kuhakikisha kwamba anayeaminiwa wakati wa hatari anaaminiwa pia wakati wa kuamua.